Mbuzi, mashine, sururu au dawa: njia ipi inafaa ardhi iliyozidiwa na vichaka vya miiba?

Ardhi iliyoachwa misimu mitatu au minne bila kulimwa wala kulishiwa haibaki wazi. Majani marefu hutangulia, vichaka hufuata, na mwishowe hutawala miiba inayofumana hata mtu aliyevaa buti na nguo nzito hawezi kupenya. Mwenye ardhi hiyo anapoamua kuirudisha katika matumizi hukuta njia kadhaa mbele yake: kung'oa kwa mkono, kuleta mashine, kupulizia dawa, kuchoma moto, au kuwaachia mbuzi kazi hiyo. Nimetumia njia nne kati ya hizo katika kipande kimoja cha ardhi, chenye mteremko mkali upande mmoja na tambarare upande mwingine, na kila nilipokosea nilikosea kwa sababu ileile: nilichagua njia kwa kuangalia kichaka kilichokuwa mbele ya macho yangu, nikasahau mizizi iliyokuwa chini ya ardhi. Kwa hiyo ulinganisho huu unaipima kila njia kwa maswali mawili, yaani inaondoa nini juu ya ardhi, na nani au nini kitaishughulikia mizizi baada ya hapo.

Mmea unaopambana nao

Miiba ya jamii ya Rubus, ambayo huzaa matunda madogo meusi au mekundu yaliyoshikamana kama shanga, ni mfano mzuri kwa sababu inakusanya matatizo yote mahali pamoja. Kila shina lake huishi miaka miwili: mwaka wa kwanza hutoa majani tu, mwaka wa pili huchanua, huzaa na kufa, huku mashina mapya yakiwa yameshatoka katika shina-mzizi lilelile, yaani sehemu nene iliyo ardhini ambako mashina na mizizi hukutana. Mashina yaliyokufa hayaanguki upesi. Hubaki yamesimama ndani ya kichaka na kuwa ngazi ya kupandia mashina mabichi. Ncha ya shina ikiinama na kugusa udongo hutoa mizizi yake na kuanzisha mmea mwingine, na ndiyo maana kichaka husogea mbele mwaka hadi mwaka kama kitu kinachotembea. Ndege nao hula matunda na kutawanya mbegu, ambazo zinaweza kukaa ardhini muda mrefu zikisubiri mwanga.

Majani ya mmea huu yakiondolewa, mizizi hutumia akiba yake ya wanga kuchipusha mengine. Yakiondolewa mara moja tu kwa mwaka, akiba hiyo hujazwa tena na kichaka hurudi, mara nyingi kikiwa kizito kuliko mwanzo. Yakiondolewa mara kwa mara, kila machipukizi yanapofikia hatua ya kufunguka vizuri lakini kabla hayajaanza kuirudishia mizizi chakula, mmea hudhoofika, na baada ya misimu miwili au mitatu unaweza kufa au kuwa mnyonge kiasi kwamba nyasi zinaufunika. Kanuni hii haibadiliki hata kama kinachoondoa majani ni jino la mbuzi, ncha ya panga au kisu cha mashine.

Kazi halisi ya mbuzi

Ng'ombe hula nyasi zaidi, na kondoo hupenda nyasi na mimea laini ya chini, lakini mbuzi akipewa nafasi ya kuchagua huanza na majani ya vichaka na matawi machanga. Maumbile yake yanamsaidia. Mdomo wake ni mwembamba, na mdomo wa juu unajongea kwa wepesi, kwa hiyo anaweza kulichomoa jani katikati ya miiba miwili bila kujichoma. Husimama kwa miguu ya nyuma na kufikia majani yaliyo juu ya kichwa cha mtu mfupi. Na mwili wake unavumilia tanini, ile kemikali chungu iliyomo katika majani mengi ya miti, kuliko mwili wa ng'ombe au wa kondoo.

Hata hivyo, anachokula ni majani, ncha laini, na magome ya matawi membamba. Shina lililokomaa na kuwa gumu kama mti hulibandua gome au huliacha kabisa, na yale mashina makavu ya mwaka uliopita hayagusi. Mtu anayetarajia kurudi baada ya wiki tatu na kukuta uwanja mtupu atasikitika, kwa sababu atakuta mifupa ya kichaka imesimama bila nyama. Mimi nimekuja kuithamini mifupa hiyo. Majani yakiisha, ardhi inaonekana: mawe, mashimo, nyaya za zamani, visiki, na hata vipande vya chupa ambavyo vingeharibu kisu cha mashine au mguu wa mfanyakazi. Kukata mashina yaliyo uchi ni kazi ndogo ukilinganisha na kukata kichaka kizima chenye majani.

Idadi ya mbuzi inaweza kukadiriwa kwa hesabu nyepesi badala ya kubahatisha. Mbuzi mmoja hula kwa siku chakula chenye uzito mkavu wa takriban asilimia 3 hadi 4 ya uzito wa mwili wake. Mbuzi wa kilo 40, basi, anahitaji kilo 1.2 hadi 1.6 za uzito mkavu, ambazo zikiwa mbichi ni majani mengi mara tatu au zaidi. Kundi la mbuzi 30 litaondoa kilo 36 hadi 48 kavu kila siku. Tuseme kipande chako kina kilo 1,000 za majani yanayolika, zikipimwa kavu: kundi hilo litakimaliza kwa siku 21 hadi 28. Mbuzi 5 katika kipande hichohicho wangehitaji zaidi ya miezi minne, na kabla hawajafika mwisho sehemu walizoanza nazo zingekuwa zimechipua tena.

Kosa la kawaida limejificha katika hesabu hiyo. Mbuzi wachache katika eneo kubwa huchagua: hula kilicho kitamu, huzunguka kukitafuta kingine, na kile ulichotaka kiondolewe hukiacha hadi mwisho. Mbuzi wengi katika eneo dogo lililozungushiwa uzio hushindana, na kwa sababu ya ushindani hula hata ambacho wasingekigusa wakiwa peke yao. Ni bora zaidi kuligawa shamba katika vipande vidogo na kuwahamisha kundi zima kutoka kipande hadi kipande kuliko kuwafungulia shamba lote kwa wakati mmoja.

Si kila mbuzi anafaa kwa kazi hii, na hili ni jambo ambalo watu wengi hawaulizi wanapokodi au kununua. Madume yaliyohasiwa ndiyo yanayofaa zaidi, kwa kuwa hayabebi mimba wala hayanyonyeshi, hivyo yanaweza kuishi kwa chakula cha kichakani bila kudhoofika. Jike anayenyonyesha anahitaji chakula bora kuliko majani ya miiba, na kiwele chake huchanwa. Mbuzi wenye manyoya marefu hunaswa. Mbuzi aliyelelewa zizini kwa pumba na nyasi zilizokatwa huenda akasimama mbele ya kichaka asijue la kufanya, kwa sababu watoto wa mbuzi hujifunza mimea ya kula kwa kuwafuata mama zao. Kundi lililozoea pori huanza kazi siku ileile linapofika.

Mbuzi wakilinganishwa na mashine

Kwa kasi, mashine haina mshindani. Trekta lenye kisu cha kusaga vichaka hufanya kwa siku moja kazi ambayo kundi la mbuzi lingeifanya kwa wiki kadhaa, na mashine ya kubebwa begani huweza kufungua njia ndani ya kichaka kizito kabla ya jua la mchana. Mashine pia hukata kila kitu kwa usawa, kigumu na kilaini, kikavu na kibichi. Ukiwa na tarehe ya kupanda au ya kujenga, na ardhi yako ni tambarare isiyo na mawe, sioni sababu ya kusubiri mbuzi.

Mambo hubadilika kwenye mteremko. Trekta linaweza kupinduka, na mtu mwenye mashine begani akiteleza huku kisu kinazunguka anakuwa katika hatari isiyolingana na thamani ya kazi yenyewe. Mbuzi hana shida na mteremko. Mwaka 2019 mbuzi 24 walipelekwa katika bustani ya Riverside Park jijini New York kwa sababu magugu yalikuwa yameota kwenye mteremko ambao wafanyakazi walipata taabu kuufikia. Mawe nayo ni sababu nyingine: kisu hukirusha kijiwe mbali na kwa nguvu ya kuvunja kioo au kuumiza jicho, na kinapogonga mwamba huharibika. Mahali penye makaburi, kuta za zamani au mabomba yaliyo juu ya ardhi, mdomo wa mbuzi ni wa upole kuliko chuma chochote.

Tofauti ya pili ni takataka. Mashine huacha rundo la vipande, na vipande vinavyokauka juu ya ardhi ni kuni za moto wa nyika hadi vioze. Mbuzi hula sehemu ile ambayo ingekuwa kuni na kuiacha kama samadi. Kwa sababu hiyo katika maeneo yenye moto wa nyika hutumiwa kutengeneza ukanda wa kuzuia moto. Maktaba ya Rais Ronald Reagan huko California iliwatumia mamia ya mbuzi mnamo Mei 2019 kula vichaka vilivyoizunguka, na moto ulipofika hapo Oktoba mwaka uleule, majengo yalinusurika, huku ukanda ule ukitajwa kuwa ulisaidia kazi ya wazima moto. Ninautaja mfano huo kwa uangalifu, kwa kuwa wazima moto wenyewe ndio waliopambana siku hiyo. Walichofanya mbuzi ni kupunguza kile ambacho moto ungekula.

Kwa gharama, watu hulinganisha vibaya. Gharama ya mashine huisha kazi inapoisha: mafuta, kunoa au kubadilisha kisu, ujira wa mwendeshaji. Mbuzi wa kununua hula kila siku, hata siku ambayo kichaka kimekwisha, na wanahitaji maji, chumvi ya madini, kinga ya magonjwa, mahali pa kulala na mtu wa kuwaangalia mwaka mzima. Anayenunua mbuzi kwa ajili ya kichaka kimoja amejinunulia kazi ya ufugaji, na ni heri alijue hilo mapema. Kama hana nia ya kufuga, kukodi kundi lenye mchungaji wake ndiko kunakolingana kwa haki na kukodi mashine. Kampuni ya Google ilifanya hivyo mwaka 2009 katika makao yake makuu huko Mountain View: mbuzi wapatao 200 waliletwa na mchungaji, wakakaa takriban wiki moja, wakaondoka.

Uzio, na kazi inayotangulia

Hapa ndipo wengi huvunjika moyo. Kumfunga mbuzi kwa kamba ndani ya kichaka cha miiba ni kumwekea mtego, kwa sababu kamba huzunguka visiki hadi inamkaba, na mbwa akija hana pa kukimbilia. Uzio unaofaa kwa kazi ya kuhama ni wavu wa umeme wenye kimo cha karibu mita 1, wenye nguvu ya volti 4,000 au zaidi. Lakini wavu huo hupoteza nguvu kila jani bichi linapougusa, kwa hiyo ni lazima ukate ukanda mtupu kuzunguka eneo lote kabla mbuzi hawajaingia. Kwa maneno mengine, panga au mashine ya begani haikwepeki hata kwa yule aliyechagua mbuzi. Mbuzi wenyewe wafundishwe kuuheshimu uzio huo katika uwanja mdogo ulio wazi kwa siku chache, maana mbuzi anayeguswa na umeme kwa mara ya kwanza huku amezungukwa na kichaka huenda akaruka mbele badala ya kurudi nyuma. Wenye pembe watazamwe kila siku, kwani hunaswa kwenye matundu.

Ndani ya uzio, chochote chenye gome ni chakula. Nilipoteza michungwa 4 michanga kwa mchana mmoja kwa kuamini kwamba majani ya miiba yaliyokuwa tele yangewashughulisha mbuzi. Walibandua magome kuzunguka shina zima, na mti uliobanduliwa gome pande zote haupati tena njia ya kupeleka chakula mizizini. Tangu hapo kila mti ninaoutaka huwa nje ya uzio, au una uzio wake. Mbuzi hatofautishi gugu na mmea unaoupenda. Katika kisiwa cha Pinta, visiwani Galápagos, mbuzi 3 walioachwa mwaka 1959 walizaana hadi kuwa maelfu na kuangamiza mimea ya asili, mpaka ikalazimu waondolewe kabisa. Faida yao na hasara yao zina chanzo kimoja, na kinachozitenganisha ni uzio pamoja na siku ya kuwatoa.

Kabla ya kuwaingiza, tembea eneo lote na utambue mimea. Lantana huharibu ini na kuifanya ngozi iungue kwa jua. Majani ya oleanda yana sumu ya moyo. Majani ya mparachichi yanaweza kudhuru moyo na kiwele. Rododendroni na msonobari-sumu wa jamii ya Taxus huua. Mbuzi mwenye chakula cha aina nyingi mara nyingi huonja kidogo na kuacha, ila mbuzi mwenye njaa aliyefungiwa na mmea mmoja hana hiari hiyo. Aliyesafirishwa apewe nyasi kavu na maji kwanza, ndipo afunguliwe.

Kuna kipimo kimoja kinachonisaidia kujua siku ya kuwahamisha. Mabuu ya minyoo ya tumbo, hasa Haemonchus contortus anayenyonya damu, hukaa zaidi katika sentimita chache za chini za nyasi. Mbuzi anayekula majani yaliyo juu ya magoti yake hukutana na mabuu machache. Ukimwona ameinamisha kichwa na kukwangua nyasi fupi, kazi ya kichaka imekwisha na hatari ya minyoo imeanza. Ukitaka kuhakikisha, funua kope la chini: utando mwekundu ni dalili njema, mweupe ni dalili ya upungufu wa damu. Wafugaji wengi hutumia kadi ya rangi yenye ngazi 5 iliyobuniwa Afrika Kusini kwa kusudi hilo.

Mkono, dawa na moto

Kwa eneo dogo, tuseme bustani ya nyuma ya nyumba, njia bora ni sururu na glovu nene. Kata mashina yakiwa na kimo cha goti ili upate mahali pa kushika, kisha chimba shina-mzizi lote na kuling'oa. Hii ndiyo njia pekee inayomaliza mmea siku hiyohiyo bila kemikali, na ndiyo inayochosha kuliko zote. Kuleta mbuzi kwa kichaka cha mita 10 kwa 10 ni kuongeza shughuli mahali ambapo wikendi mbili za jasho zinatosha.

Dawa ya kuua magugu hufika mizizini, jambo ambalo mbuzi na mashine hawaliwezi. Glifosati, iliyoanza kuuzwa mwaka 1974, huua karibu kila mmea wa kijani inaougusa; triklopiri huua mimea ya miti na ya majani mapana na kuziacha nyasi nyingi. Mwaka 2015 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliiweka glifosati katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani, wakati mamlaka za udhibiti za Marekani na Ulaya zilifikia uamuzi tofauti. Binafsi siipulizii juu ya kichaka kizima, kwa sababu kichaka kizito huzuia dawa isifike majani ya ndani, na upepo huipeleka pasipotakiwa. Nikiitumia, naipaka kwa brashi kwenye kisiki mara tu baada ya kukata, mbali na maji. Anayetaka kuchanganya dawa na mbuzi asome kibandiko kuhusu siku za kusubiri kabla mifugo haijaingia, na azihesabu kwa ukweli.

Moto siupendekezi kwa vichaka vya miiba. Mashina makavu yaliyo ndani huuwasha kwa kasi isiyodhibitika, mizizi hubaki hai, na mahali pengi kibali kinahitajika.

Wanyama wengine

Nguruwe anastahili kutajwa, kwa kuwa yeye hufanya kile ambacho mbuzi hafanyi: huchimbua na kula mizizi. Akiingizwa baada ya mbuzi katika ardhi tambarare itakayolimwa, anaweza kukamilisha kazi. Kwenye mteremko au udongo mzito uliolowa huacha matope na mmomonyoko. Kondoo hunaswa manyoya, lakini anafaa baadaye, kula machipukizi laini na kushikilia nyasi ziwe fupi. Ng'ombe huvunja na kukanyaga zaidi ya kula.

Jinsi ningechagua

Mteremko wenye mawe, kichaka kikubwa, na mwenye ardhi asiye na haraka: mbuzi, bila kusita. Tambarare inayosubiri kupandwa msimu huu: mashine, na mpango wa kukata tena. Kipande kidogo: sururu. Eneo la ukubwa wa wastani, ambalo ndilo walilo nalo watu wengi, linahitaji mfuatano. Ukanda wa uzio hukatwa kwa mashine. Mbuzi huingia majani yakiwa yamefunguka kikamilifu. Wakitoka, mashina yaliyo uchi hufyekwa karibu na ardhi. Kisha husubiriwa machipukizi, ambayo kwa kawaida huwa tayari kuliwa baada ya wiki 4 hadi 6, na kundi hurudishwa kwa siku chache tu kwa kuwa sasa chakula ni kidogo. Mzunguko huo hurudiwa msimu wa pili, na nyasi zipandwe mahali palipo uchi ili mbegu za miiba zilizolala zisipate mwanga. Unapopatana bei na mwenye mbuzi, patana tangu mwanzo kwa safari tatu au nne, na tarehe ya safari ya pili iandikwe kabla kundi halijashushwa kwenye gari kwa mara ya kwanza.